Dubu mweupe hakulipii kodi ya nyumba

(Haya niliyaongea Oslo, kwenye mkusanyiko wa Waswahili wenzetu tunaoishi Norwei. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimetoa tu yale ya kutambulishana na vicheko.)

Wazee shikamooni. Kaka na dada zangu hamjambo, na nyie wadogo mliojibanza kule nyuma karibu na mlango nawaona, nyie ndo hasa niliokuja kuongea nanyi.

Nimeombwa nielezee kazi ya kupiga picha za wanyama pori huko juu kaskazini. Nadhani ni sababu ya zile picha za nyangumi ninazoposti, manake tangu nianze kuzirusha meseji zinazoingia ni zilezile, kaka na mimi nataka, kaka nianzie wapi, kaka ninunue kamera gani. Kuna mmoja ameniandikia anataka kuacha chuo mwaka wa pili aende Svalbard, vile visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini, akapige picha dubu weupe. Kama yupo humu asinyooshe mkono, akae tu asikilize.

Neno langu ni moja na nalisema mapema ili hata anayetaka kutoka atoke nalo. Kaskazini kule hela haiko kwenye picha, iko kwa mtu anayeijua sehemu. Mtu anayejua fiodi hii, yaani mkono wa bahari unaoingia katikati ya milima, samaki wanaingia lini, upepo ukitoka kusini-magharibi boti ijifiche wapi, tai analala mti gani, huyo watu wanamlipa awapeleke, wanamlipa awafundishe, wanamlipa aje kuongea, na picha zake nzuri zinatokea humohumo kwa sababu yupo pale kila siku. Vijana wengi wameigeuza hii, wanataka picha kwanza afu maisha yaifuate picha, sasa hapo ndo mtu anaishiwa hela mwezi wa kumi na mbili gizani.

Tuanze na hela basi manake wengi wenu mna hesabu kichwani. Mnadhani unapiga picha, unaipandisha kwenye maghala ya picha ya mtandaoni, watu wananunua, wewe umelala. Shutterstock tangu Juni 2020 wamebadilisha mfumo wao na kima cha chini anachopata mpiga picha kwa picha moja ikishushwa ni senti 10 za dola. Senti kumi! Lenzi ya maana ya 600mm, ile ya kuvuta vitu vya mbali, ikiwa mpya inazidi dola 12,000, piga hesabu mwenyewe hiyo lenzi itarudisha hela lini. Mwingine ananiambia mimi nitauzia National Geographic. Sawa, ni jarida kubwa na picha zake bado ni moto, lakini mwaka 2023 waliwapunguza waandishi wao wa mwisho wa kuajiriwa, na kule Marekani jarida lenyewe siku hizi halipangwi tena vibandani. Sisemi haiwezekani, nasema usipange kodi ya nyumba juu ya hilo.

Sasa angalieni wale waliofanikiwa kweli, wametokea wapi. Paul Nicklen, Mkanada, mnamjua kwa picha za chini ya barafu. Yule amekulia kisiwa cha Baffin kwenye kijiji kidogo cha Wainuiti, wenyeji wa kule kwenye barafu, amejifunza barafu kwa watoto wenzake kabla hajashika kamera, afu akasoma baiolojia, akawa mtafiti wa wanyama wa serikali kule Northwest Territories, amefuatilia dubu kwa mshahara. Kamera kama kazi ilikuja baadaye. Mwingine ni wa hapa hapa kwetu, Audun Rikardsen, profesa wa baiolojia pale chuo kikuu cha Tromsø, mji wa kaskazini ninaoishi. Mwaka 2019 alishinda kipengele cha tabia za ndege kwenye shindano la Wildlife Photographer of the Year, lile la jumba la makumbusho ya viumbe la London, kwa picha ya tai wa dhahabu anatua tawini na bahari iko nyuma yake. Ukiiangalia unasema huyu ana bahati. Bahati gani! Alilitega tawi kavu la mti juu ya mwamba wa pwani, akafunga kichwa cha tripodi, ile stendi ya kamera, kwa bolti kwenye jiwe, akaweka kamera na mataa na kihisi cha mwendo, akajijengea kibanda pembeni, mara mojamoja anaacha mizoga ya wanyama waliogongwa na magari, na tai akachukua miaka mitatu mpaka kuizoea ile kamera na kulifanya tawi kuwa kituo chake. Miaka mitatu, na muda wote huo profesa analipwa mshahara wa chuo. Huo mshahara hauonekani kwenye picha ila upo.

Mama mmoja hapa mbele ameninong'oneza, sasa wewe mwanangu unakula nini? Shikamoo mama, swali zuri. Mimi kuanzia masika mpaka mwisho wa kiangazi niko jikoni hotelini, na majira ya nyangumi niko kwenye boti naongoza watalii. Wageni wengine wakinikuta kwenye boti wananiuliza chakula saa ngapi, wanadhani mimi ndo mpishi, nami siwezi kukasirika sana kwa sababu miezi mingine mpishi ndo mimi. Nauza picha chache za ukutani, nachukua watu wawili watatu wanaotaka kufundishwa, basi. Sina shida na hivo. Ile kazi ya jikoni ndo inaniruhusu kukaa Tromsø, na kukaa Tromsø ndo kunanifanya nijue.

Niwaambie hao nyangumi kidogo maana macho yamewaka. Kila majira ya baridi heringi, samaki ndugu wa dagaa, wanakuja kulala kwenye fiodi za kaskazini kwa makundi ambayo huwezi kuyahesabu, na nyuma yao wanakuja orka, wale weusi wenye mabaka meupe, pamoja na nyangumi wakubwa wa nundu. Zamani kidogo walikuwa wanaingia Kaldfjord, nyuma tu ya Tromsø, watu wanawaangalia kutoka barabarani. Mwaka 2017 heringi wakahamia Skjervøy, masaa kama matatu kwa boti kwenda mbele zaidi, na biashara yote ikabidi ihamie huko, mahoteli, boti, waongozaji, wapiga picha. Hakuna aliyetangaza, samaki wameamua tu. Aliyekuwa anaongea na wavuvi alijua mapema. Aliyekuwa anategemea Instagram alienda Kaldfjord akakuta maji matupu.

Orka wakila ni kitu. Wanawazunguka heringi kwa pamoja, wanawasukuma juu mpaka wanakuwa mpira mmoja unaong'aa, afu mmoja anapiga mkia, samaki wanazimia, wanaanza kuokotwa mmojammoja kwa adabu kabisa. Juu ya maji unaona magamba yanaelea kama vipande vya bati, unasikia shakwe wanapiga kelele, na pezi la dume linapanda, karibu mita mbili linafika, linayumba kidogo juu pale. Mara katikati ya yote hayo nyangumi wa nundu anatokea chini mdomo wazi anabeba mpira wote. Orka waliohangaika wanabaki hivihivi. Nimeona wageni wanalia.

Lakini mpiga picha halii, anahangaika na mwanga. Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia karibu tarehe 27 Novemba mpaka 15 Januari, na hayo ndo majira yenyewe ya nyangumi. Una masaa machache ya bluu pale mchana, ISO 6400, yaani kamera umeilazimisha ione gizani, ni kawaida, boti inayumba, mnyama anakimbia, vidole havisikii. Na sheria ipo: kwenye maji yetu haya boti ya watalii isikaribie meli inayovua chini ya mita 370. Nyangumi wao wanaipenda meli ya uvuvi, wakisikia mashine za nyavu wanakuja mbio kwa sababu samaki wanamwagika, kwa hiyo utawaona wamejazana kule usipoweza kwenda. Kapteni wako akikataa kusogea usimbembeleze, leseni ni yake.

Kuhusu baridi yenyewe niseme haraka mambo ambayo hayapo kwenye tangazo la kamera. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, zikiwa nje kwenye begi utaziwasha zinakwambia zimekwisha. Usipumue ukiwa umeweka jicho kwenye kamera, pumzi inaganda kwenye kioo na hutaona kitu, bana pumzi, piga, geuza uso, pumua. Miguu ya tripodi ya chuma ifunge sponji. Glovu ni mbili, nyembamba ndani na ile nene kama gunia nje, hakuna siku utashika kamera kwa mkono mtupu ukabaki na mkono. Kubwa zaidi ni kuingia ndani. Umetoka kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri unaingia kwenye nyumba yenye hita, kamera inatoa jasho mpaka ndani ya lenzi. Kabla hujafungua mlango toa kadi, toa betri, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iweke chini kwenye korido, nenda ukale, kaangalie picha zako kwenye kompyuta, na usiufungue ule mfuko mpaka kitu chote kiwe na joto la nyumba. Watu wanaufungua mapema kwa hamu ya kuona. Na ukipiga kutoka dirisha la gari lenye hita, au umeegemea ukuta wa nyumba yenye joto, hewa ya moto na ya baridi zikichanganyika mbele ya lenzi picha inatoka imelegea, utadhani lenzi mbovu, utairudisha dukani bure.

Haya, Svalbard, manake najua ndo mnaitaka. Kwanza wengi wamesikia kwamba Svalbard haina visa, na hiyo ni kweli, mkataba wa mwaka 1920 ndo asili yake, mtu wa taifa lolote anaweza kukaa na kufanya kazi ilimradi ajitegemee. Ndo maana Longyearbyen, mji mkubwa wa kule, kuna Wathai na Wafilipino wengi wanaofanya kazi. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Ndege zinapitia Norwei bara, kwa hiyo unahitaji visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, kufika, tena iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukienda Svalbard umeshatoka Schengen na ukirudi unaingia upya. Halafu miaka unayokaa kule haihesabiwi kwenye ukaazi wa kudumu wa Norwei. Nyumba ni za shida, nyingi ni za waajiri, ukipoteza kazi umepoteza na kitanda. Na ukiwa huna uwezo wa kujilisha hakuna ustawi wa jamii wa kukubeba, wanaweza kukurudisha. Kwa hiyo usiende kwa ajili ya dubu, nenda kwa ajili ya kazi. Hoteli, mgahawa, usafi, chochote, dubu baadaye.

Pili ni sheria mpya. Tangu tarehe 1 Januari 2025 haruhusiwi mtu kumkaribia dubu mweupe chini ya mita 300, na kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 30 Juni ni mita 500. Kumvuta, kumfukuza au kumsumbua ilikuwa marufuku tangu zamani. Sasa tupige hesabu ya lenzi, najua mnapenda. Dubu mzima kwa urefu ni kama mita mbili na nusu hivi. Ukiwa na lenzi ya 600mm kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa cha upana wa milimita 36, akiwa mita 300 atachukua kama sehemu moja ya saba ya upana wa picha. Akiwa mita 500 ni moja ya kumi na mbili. Na hapo sijaweka hewa inayotetemeka juu ya maji. Zile picha za uso wa dubu unahesabu masharubu, Svalbard zimekwisha, na anayekuonyesha mpya ya mwaka huu muulize aliipigaje.

Watu wamelalamika sana, makampuni ya meli wamelalamika, mimi binafsi naona sheria imetusaidia wapiga picha wenyewe. Imetulazimisha kupiga dubu na nchi yake. Ile picha iliyochaguliwa na watu kwenye shindano la London, matokeo yakatoka Februari 2024, watu 75,000 walipiga kura, ni ya dubu dume kijana amelala juu ya kipande cha barafu alichokichimba mwenyewe kwa makucha kikawa kitanda. Nima Sarikhani aliipiga, Mwingereza, tena siye wa kulipwa, ni mtu wa ridhaa. Meli yao ilizunguka siku tatu kwenye ukungu Svalbard bila dubu, wakabadilisha njia kufuata sehemu bado ina barafu, wakawakuta madume wawili, na bado kidogo iwe saa sita usiku huyu mdogo akapanda akalala. Dubu mwenyewe ni mdogo kwenye fremu. Kinachokushika ni ile barafu ndogo na bahari.

Na jamani dubu si wa kuchezea. Mwaka 2020 mwezi wa nane mtu aliuawa akiwa kwenye hema, kambini, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Longyearbyen, si porini huko. Ukitoka nje ya makazi sheria inakutaka uwe na kitu cha kumtisha dubu, na gavana anashauri na bunduki juu. Mwenye wazo la kwenda mwenyewe na begi na tripodi alitoe kichwani leo.

Kuna aliyeuliza kuhusu Kanada, Churchill. Churchill ni mji mdogo Manitoba, kando ya Hudson Bay, watu hawafiki elfu moja, barabara ya kwenda hakuna, ni ndege au treni ya siku mbili kutoka Winnipeg. Oktoba na Novemba dubu wanajikusanya pale kusubiri bahari igande waende kuwinda sili. Wana mpaka jela ya dubu, akija mjini anashikwa anafungiwa afu anapelekwa mbali. Pale unawaona karibu ukiwa kwenye yale mabasi yenye matairi makubwa, ila bei ya safari si ya mwanafunzi. Na wenyewe wanapungua. Hesabu ya dubu wa Hudson Bay magharibi mwaka 2016 ilikuwa 842, mwaka 2021 wakawa 618. Barafu inachelewa kuja na inawahi kuondoka, muda wa kula unafupika, majike wanakonda, watoto hawafiki.

Hapo nataka nikae kidogo kwa sababu ndo penye majaribu ya kazi hii. Mwaka 2017 Nicklen na wenzake walirusha video ya dubu mmoja amekonda mifupa nje, anakokota miguu, kisiwa cha Somerset kule Kanada. Ikaangaliwa dunia nzima. National Geographic wakaweka maandishi kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Mwaka uliofuata jarida lenyewe likakiri kwamba lilivuka mpaka, manake huwezi kujua dubu yule mmoja alikuwa anakufa na nini, inaweza kuwa ugonjwa, jeraha, uzee. Barafu inapungua kweli, sayansi ipo, lakini video moja ya mnyama mmoja haikupi haki ya kuandika sababu ya kifo chake. Na waliokuwa wanapinga mambo ya tabianchi wakapata la kusema. Maelezo chini ya picha ni sehemu ya kazi, dogo. Ukiandika uongo chini ya picha ya kweli, umedanganya.

Au ile ya mbwamwitu. Mwaka 2009 mbwamwitu wa Hispania anaruka geti usiku, picha safi sana, ikashinda shindano lote la London. Januari 2010 wakamnyang'anya José Luis Rodríguez ushindi, majaji wakaona kuna uwezekano mkubwa yule mnyama ni wa kufugwa, wa kukodishwa kwa ajili ya picha. Mwenyewe alikana. Lakini ukitafuta jina lake leo unajua kinachotokea kwanza.

Huku kwetu jaribu kubwa ni chambo. Ufini, upande wa Kuhmo na Suomussalmi, karibu na mpaka wa Urusi, kuna vibanda vya mbao vya kupigia picha dubu wa kahawia. Unaingia jioni, mlango unafungwa, hutoki mpaka asubuhi, choo ni ndoo, na kiangazi usiku haupo kwa hiyo unapiga mpaka macho yanauma. Dubu wanakuja kwa sababu mwenye kibanda ameweka mzoga au samaki. Mimi sioni ubaya mkubwa hapo, ni biashara halali, wenyeji wanapata hela kwa dubu aliye hai badala ya ngozi, na nikiwa na mgeni mwenye siku chache ningempeleka huko bila aibu. Ila sema. Andika kwamba ni kibandani, kwamba kuna chambo. Kitu ninachokikataa ni kurusha panya hai kwenye theluji ili bundi mweupe aje na mabawa wazi mbele ya lenzi, wapo wanaofanya hivyo Amerika Kaskazini, na shindano la London limekataza chambo hai kabisa. Macho ya bundi yanayokuja moja kwa moja kwenye kamera, mara nyingi kuna mtu nyuma ya kamera ana boksi la panya.

Sasa dada mmoja ameuliza, kama sina hela ya meli wala kibanda, napiga nini? Dada yangu, Tromsø mjini kuna shakwe wanaitwa krykkje, ndege wa majabali ya bahari, ambao wamehamia madirishani. Wako kwenye orodha ya walio hatarini hapa Norwei. Maisha yamekuwa magumu kule majabalini, chakula baharini kimewasumbua, tai anawafukuza, na mwaka 2023 mafua ya ndege yaliua maelfu yao upande wa Varanger. Sasa wamejenga viota juu ya maduka, wanapiga kelele usiku wa jua, wanachafua koti la mtu anayetoka benki, wenye majengo wana hasira. Mji ukawajengea hoteli. Kweli, hoteli za ndege, vimbao kwa vimbao vimepangwa ghorofa, ili wahamie kule. Hadithi nzima ya tabianchi na mji na mnyama iko hapo juu ya kichwa chako, nauli ni basi la mjini, lenzi ya 70-200mm ya mkono wa pili inatosha. Hakuna anayewapiga picha kwa sababu kila aliyeshuka uwanja wa ndege anatafuta nyangumi. Ningekuwa naanza leo ningekaa na hao ndege kuanzia wanapofika masika mpaka makinda yanaporuka, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ningeongea na yule mwenye duka pia, na mfagiaji.

Au nenda Vardø, mashariki kabisa kule. Kutoka bandarini ni dakika chache tu za boti unafika Hornøya, na kuanzia Machi jabali linajaa ndege, wale wa midomo ya rangi wanaoitwa pufini wanatembea karibu na buti lako, theluji bado inaanguka. Kwa pesa ya siku moja ya safari ya dubu unakaa Vardø wiki. Reindia nao utawaona kila mahali Finnmark, wanatembea mpaka mjini Hammerfest, lakini jueni wale si wanyama pori, wana wenyewe, ni mifugo ya Wasami na kila mmoja ana alama sikioni. Usiwakimbize kwa droni. Mfugaji akiona umewatawanya majike wenye mimba mwezi wa nne utajua Kinorwei chote siku hiyo.

Na kuna kitu sisi tunacho ambacho wenzetu hawa hawana. Wale ndege wadogo wa matopeni wanaokimbiakimbia Mida Creek kule Watamu, au delta ya Rufiji, baadhi yao wamezaliwa tundra ya Siberia na wanarudi huko kila mwaka kutaga. Mtu anayeweza kukaa na wavuvi wa Watamu akaongea nao kwa lugha yao, halafu akajua na baridi ya kaskazini, ana stori ya ncha mbili. Wazungu wengi wana ncha moja. Sijafanya bado, namsubiri mmoja wenu anitangulie, nitasema wivu wangu kwa siri.

Makaratasi nitasema kifupi maana kila mtu hali yake ni tofauti. Mnaotoka nje ya Ulaya, kwa Norwei kuna kibali cha kazi ya msimu, kinafika miezi sita, utalii umo, na kuna cha mtu mwenye ujuzi. Mpiga picha huru kupata kibali kwa kazi ya picha tu ni ngumu mno, wanataka kuona biashara inayokulisha kweli. Ndo narudi palepale, kuwa na fani nyingine inayohitajika, upishi, uuguzi, ufundi wa boti, umeme. Fundi umeme Vardø anaheshimiwa kuliko mpiga picha yeyote, na ana wikiendi. Tena jifunze lugha. Kiingereza kinatosha kwa watalii, lakini mvuvi wa kaskazini anakuambia heringi wameingia kwa Kinorwei cha kwao, kwa simu, saa kumi na moja alfajiri, na hasemi mara mbili.

Picha zako zisajili na weka mkataba, hata na rafiki. Kuna kampuni moja ya safari, siitaji, ilichukua picha yangu ya orka ikaiweka kwenye basi lao zima, nikaiona nikiwa kituoni nasubiri. Nilituma invoisi yenye tarehe, picha ya basi, na faili halisi, wakalipa baada ya kusumbuana. Ile faili ghafi, picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla haijaguswa, ndo ilikuwa shahidi, kwa hiyo msifute faili ghafi hata kama diski imejaa, nunua nyingine.

Huyu dogo wa mwisho ameuliza avae nini akija Februari. Safi, hilo ndo swali la mtu anayekuja kweli. Sufu mwilini, siyo pamba, pamba ikilowa jasho imekumaliza. Koti la kuzuia upepo juu. Buti chukua namba moja zaidi ya yako ili soksi nene ipate nafasi, mguu ukibanwa damu haipiti na vidole vinaganda hata uvae soksi tatu. Na usinunue mpya, ingia Finn, ule mtandao wa kuuziana vitu hapa Norwei, mwezi wa nne na wa tano watu wanapotoa vitu vya baridi stoo, utapata nusu bei, na tripodi utaikuta hukohuko.